Mlango Unaotazama Barabara

Asubuhi ile Bilonda alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mwamini, kwenye kona ya njia ya vumbi huko Manika, mtaa wa Kolwezi, akichagua fungu la makala. Zamani makala, mkaa wa kupikia, yalinunuliwa kwa gunia. Baadaye yakanunuliwa kwa ndoo. Sasa Mwamini aliyapanga mezani kwa mafungu madogo, vipande vinene chini, vyembamba juu, na wanawake wa mtaa waliyazunguka wakiyapima kwa macho kwa makini ambayo wengi wao hawakuwa nayo siku walipochagua waume. Malori ya madini yalikuwa yakipita barabara kuu, na kila yalipopita Mwamini alifunika mafungu yake kwa kitenge mpaka vumbi litulie.

"Hii ni ya nani?" Bilonda akauliza.

"Ile ya kushoto ni ya bwana yako," Mwamini akasema. "Nilipikia nayo chai asubuhi. Alisema juu ya meno yake."

"Meno iko namuluma tena?"

"Iko namuluma. Anasema ataweka majani."

Bilonda akachukua fungu la kushoto, ingawa la kulia lilikuwa limejaa zaidi, akalifunga kwenye ncha ya kitenge chake na kwenda nyumbani.

Mumewe, Gracien Kalumba, alikuwa mlinzi wa lango katika kampuni ndogo iliyofanya vibarua vya kampuni kubwa. Mkataba ulipokwisha hakukuwa na mwingine. Unga wa mahindi ulitoka ng'ambo, Zambia, na bei yake ilipanda mvua ikinyesha huko, na ilipanda mvua isiponyesha. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa dola, ijapokuwa pale mtaani hapakuwa na mtu aliyelipwa kwa dola. Kitoweo kilianza kuwa samaki wa kukauka, kikawa sombe, majani ya mihogo, kikawa sombe isiyo na mafuta. Ndipo Gracien alipouza simu yake, akanunua shoka na sepeto, akapanda lori la Twahiru, mume wa Mwamini, mpaka msituni kule mbele ya Mutshatsha, kuchoma makala. Huko simu isingemfaa kitu hata hivyo, maana hakuna mtandao.

Gracien alikuwa mtu asiye na maneno. Alimposa kwa kutengeneza mlango wa jikoni wa mama yake Bilonda. Akarudi kutengeneza dirisha, akarudi kutengeneza mlango uleule ambao haukuwa umeharibika, mpaka mama akachoka na kumuuliza mwenyewe anataka nini. Katika ndoa yao yote alisema "bon", yaani sawa, mara nyingi na mengine kwa nadra. Bilonda alizoea. Mtu huzoea nyumba yenye giza kidogo, akajua viti viko wapi.

Gunia la kwanza kutoka msituni lilifika mlangoni kwake juu ya bega la Twahiru. Falonne, binti yao, akawasha mbabula, jiko la makala, uani, na makala yalipoiva na kuwa mekundu, sauti ya Gracien ikatoka ndani yake. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ya mtu anayesema huku anafanya kazi, inakatika pale anapoinua gogo na kuendelea anapoliweka chini. Kule alikokuwa peke yake, Gracien alikuwa ameanza kusema na miti wakati akiipanga kwenye tanuru, na miti iliyahifadhi maneno yale chini ya udongo muda wote wa kuungua, ikayatoa ilipochomwa mara ya pili.

"Bilonda," makala yakasema. "Bon. Nimefika. Huku kuko baridi asubuhi."

Falonne akapunguza redio. Jirani wa ukuta wa pili akauliza kama tata Gracien, baba wa nyumba, amerudi, akaambiwa hapana, ni makala, akasema sawa. Katekista alipoulizwa alisema sauti ya mume wa halali kusikika jikoni kwake si dhambi. Chefu wa avenue, kiongozi wa njia ile, naye alikuja, akakaa, akanywa maji, akataka kujua kama sauti ya mtu aliyehama inahesabiwa kuwa mkaazi, kwa sababu ya zile kodi ndogondogo. Walikubaliana kwamba haihesabiwi, maana hailali pale.

Majuma yale ya kwanza yalikuwa mazuri. Gunia lilikuwa lake zima, na kila jioni Bilonda alisogeza kiti karibu na mbabula na kumsikiliza mume wake. Alikuja kujua kwamba Gracien anaogopa nyoka. Alijua kwamba hapendi chai ya tangawizi na ameinywa miaka yote kwa adabu. Alijua kwamba anapenda namna yeye Bilonda anavyokohoa kidogo kabla ya kuanza ugomvi, ili kila mtu ajiandae. Bilonda alicheka peke yake uani, akajikuta anampenda mtu huyu mpya ambaye alikuwa amelala naye miaka mingi.

Kisha bei ya makala nayo ikapanda. Miti ilikuwa imesogea mbali na mji, mafuta ya lori yalikuwa ghali, na katika kila kizuizi barabarani palikuwa na mtu wa kumwachia kitu. Twahiru aliendelea kumtengea Bilonda gunia lake, mpaka siku Falonne aliporudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya ada. Siku hiyo Bilonda mwenyewe alimwambia Twahiru aliuze. Tangu hapo maneno ya Gracien yakawa yanaungua kwa watu wenye uwezo wa kununua gunia: kwenye nyumba za makarani wa migodi, zenye kuta ndefu, kwa mwoka mikate, kwenye malewa ya Agnès, ule mgahawa wa kando ya soko. Bilonda akabaki na fungu lake la kona, na katika fungu mna nusu ya sentensi, siku nyingine neno moja na pumzi.

Majirani walikuwa na utu. Walimletea walichosikia, kama watu wanavyorudisha sahani.

"Mama Falonne, jana kwetu bwana yako alisema ulivaa kanzu ya kijani ku ndoa ya ndugu yake Mechack. Ni kweli?"

"Ni kweli," Bilonda alisema. "Aksanti, mama."

Akishashukuru aliingia ndani na kukaa. Ilimuuma, wala hakujidanganya kwamba haimuumi. Hakuona uchungu kwamba wamesikia; aliona uchungu kwamba wamesikia kwanza.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, mwenye nyumba alikuja na bei mpya. Alikuwa mpole, alizungumza huku akitazama ukuta, akasema ana mtu wa mgodini anayeitaka nyumba hiyo kwa bei hiyo, na kwamba atangoja mwisho wa mwezi. Bilonda akaona njia ni mbili. Wangeweza kufunga mizigo, yeye na Falonne, wakamfuata Gracien msituni, shule ikaishia hapo. Au wangeweza kujibana tena, wakatafuta chumba pahali pabaya zaidi, wakamngoja. Hakuwa mwanamke wa kushindwa kuamua. Lakini nyumba yao, ile ya ndoa, ilijengwa na watu wawili, na hakutaka kuivunja peke yake. Akamtuma Twahiru amuulize Gracien: tukuje, ao tusikuje?

Twahiru aliporudi aliegesha lori, akaja kwa miguu, akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake mkononi.

"Nilimuambia yote, mama. Alisikiliza."

"Akajibu nini?"

"Unamujua tata Gracien. Alisimama kidogo, akaangalia barabara, akarudilia miti yake. Nilisikia anaanza kusema na miti, njo nikaondoka. Haikuwa maneno yangu."

"Ulifanya vizuri," Bilonda akasema, na alimaanisha hivyo. "Basi jibu itakuya mu makala."

Kungoja makala si kungoja simu. Miti ipangwe, ifunikwe majani na udongo, iungue polepole, ipoe, itiwe kwenye magunia, yalale kando ya barabara mpaka lori lifike. Bilonda alingoja. Kila siku alinunua fungu la kushoto, kila siku alipika karibu na mbabula akiwa ameinamisha kichwa, na mawingu ya kwanza yakaanza kukusanyika upande wa magharibi, upande wa Kasaji.

Jibu lilikuja saa ya kupika chakula cha jioni. Bilonda alikuwa anasonga bukari, ule ugali wa kwao, magoti yamebana chungu, mikono yote miwili kwenye mwiko, jasho machoni. Falonne alikuwa anaanua nguo.

"Bilonda," Gracien akasema kutoka chini ya chungu. "Ile neno ulituma na Twahiru, nimeiwaza. Niliiwaza mpaka usingizi ikakimbia. Mi naona hivi."

Bukari ilikuwa imeiva. Bilonda akaipua, akaiweka chini, na mkono wake wa kushoto ukachukua kopo la maji na kuyamwagia makala.

Wanawake wote wa mtaa ule walifanya hivyo tangu bei ilipopanda. Chungu kikishuka, maji yanamwagwa, makala yanazimika, kesho yanakaushwa na kupika tena. Mkono haukungoja tena kuambiwa. Ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kufukuza nzi. Mvuke ukapanda, majivu yakaruka, makala yakawa meusi. Bilonda akabaki ameshika kopo.

"Mama," Falonne akasema, nguo mikononi.

"Nimeona," Bilonda akasema.

Walikula, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari. Kesho yake alianika vile vipande juu ya bati, akavigeuza mchana kutwa, jioni akaviwasha. Vilitoa mvuke, kisha kikohozi cha mwanamume aliyelowa kifua, kisha hakuna kitu. Bilonda alizunguka majiko ya mtaa mzima akiuliza. Kwa Mwamini, Gracien alikuwa amesema habari za kamba. Kwa jirani wa ukuta wa pili palitoka mwisho wa jambo: "Njo vile tu. Usilie." Ndivyo hivyo tu, usilie. Lakini kilichokuja kabla ya hapo hakikuwa kwa mtu yeyote. Kilikuwa kwenye mbabula yake, na alikuwa amekizamisha mwenyewe. Mtu huambiwa asilie akiitwa, na huambiwa asilie akikatazwa.

Twahiru alikuwa aondoke Alhamisi, na Bilonda alikuwa amekwisha kuamua kumtuma tena: Gracien arudilie yale maneno. Jumatano mvua ya kwanza ilinyesha kana kwamba ilikuwa imechelewa kazini, ikachukua daraja la njia ya msituni. Twahiru akaweka mawe chini ya magurudumu ya lori lake na kuanza kuuza mafuta yaliyobaki kwenye tangi. Treni haikuwa ya kuitegemea. Ilikuwa haijapita kwa muda mrefu sana, hata watu walikuwa wamepanda mihogo karibu na reli.

Makala sasa yalikuja kwa baiskeli, yakisukumwa kwenye matope na wanaume walioyanunua kwenye kivuko kutoka kwa watu walioyanunua kwa watu wengine. Bei ikapanda tena, mara hii bila hata kuomba radhi. Bilonda akampa msukuma baiskeli mmoja ujumbe: Bilonda hakusikia, rudilia. Yule akaahidi kumpa mwenzake wa kivukoni, naye mwenzake ampe mwingine. Makala yalijua njia ya kuja. Ujumbe haukujua njia ya kwenda, au uliijua ukapotea, hakuna aliyeweza kumwambia.

Mwezi ulipokwisha mwenye nyumba akaja na kufuli. Bilonda alikuwa amengoja mpaka asubuhi hiyohiyo, mizigo imefungwa nusu, kama mtu ambaye hajui kama anasafiri. Akamwendea Agnès wa malewa, ambaye alikuwa anatafuta mtu wa kuangalia mababula na kuosha vyungu. Malipo yalikuwa chakula cha watu wawili na chumba cha nyuma, chenye bati lililotoboka pembeni. Kulikuwa na kazi nyingine, kufua kwa watu, yenye malipo bora kidogo. Bilonda alichagua ya Agnès kwa sababu Agnès bado alinunua gunia zima.

Hivyo akamsikia mume wake zaidi kuliko wakati wowote. Tangu asubuhi Gracien alisema chini ya maharage, chini ya bukari, chini ya samaki wa wenye nafasi. Alisema habari za mvua, za shoka, za ndoto aliyomwota Bilonda akiwa amebeba kiti. Wateja walikula. "Huyu tata anasema mingi leo," mmoja angesema, na mwingine angeomba chumvi. Wengi hawakujua kwamba Bilonda anayeitwa ndiye yule aliyewaletea maji ya kunawa, na yeye hakuwaambia. Alishika beseni, akangoja wanawe mikono, akamsikia Gracien akimuuliza nyuma yake kama bado anaumwa mgongo, akapeleka beseni kwa meza nyingine.

Alasiri moja, wateja wa mchana wakiwa wamekwisha kutoka, Agnès alikuwa amekaa kwenye ubao akichagua mawe kwenye maharage. Vyungu vilikuwa vimeshuka. Makala ya gunia jipya, lililofika asubuhi likiwa limelowa upande mmoja, yalikuwa bado mekundu kwenye mbabula kubwa. Bilonda alikuwa amekwisha kuchota maji ya kuyazima.

"Bilonda," Gracien akasema. "Nyumba nilijenga imekwisha. Ni kidogo, lakini ya batu batatu. Mulango nimeuweka uangalie barabara, juu mukishuka mu camion ya Twahiru nikuwe wa kwanza kubaona."

Gogo likawekwa juu ya gogo.

"Nilikuambia mukuye mbele mvua ianze. Hamukukuya." Pumzi yake ikasikika. "Bon. Pengine mwenye nyumba alisikia huruma. Pengine Falonne eko anaendelea na masomo. Ni muzuri. Mi sina kasirani. Mutu muzima hawezi kuitwa mara mbili."

Mikono ya Agnès ilikuwa imesimama kwenye maharage. Mkono wa Bilonda, wenyewe, ulikuwa umekwisha kuinua kopo. Akautazama. Akaliweka kopo chini, akalisukuma mbali kwa mguu.

"Mama Falonne," Agnès akasema kwa sauti ya chini. "Makala."

"Najua."

"Hakuna chungu juu."

"Najua, mama."

Agnès akamtazama kidogo, kisha akarudi kwenye maharage yake. Makala yakaendelea kuungua, hakuna kitu juu yake, mchana kweupe, katika msimu ambao Kolwezi nzima ilikuwa inahesabu vipande. Mpita njia mmoja alisimama, akaona moto usio na chungu, akadhani pana msiba, akavua kofia na kuendelea.

"Kesho nageuza mulango," Gracien akasema. "Mvua iko naingia."

Baada ya hapo ikawa sauti ya kazi tu, gogo na gogo, mpaka vipande vikawa vyeupe na kuporomoka. Bilonda alichuchumaa, akajibu. Alisema hakuwa amesikia, kwamba ni mkono, kwamba angekuja, angekuja hata kwa miguu akiwa amebeba kiti kama kwenye ile ndoto. Alisema yote kwa sauti ya kawaida, hakuacha kitu, na majivu yakabaki majivu. Akainuka akaosha vyungu.

Jioni Agnès alileta sahani moja ya bukari badala ya mbili. Hakuwa mtu wa roho mbaya. Makala ni makala, na Bilonda angekuwa ndiye mwenye malewa angefanya vilevile. Akamwachia Falonne tonge kubwa, akala sehemu iliyoshika chini. Mvua ilikuwa imeanza tena, ikipiga bati na kudondokea beseni lililowekwa chini ya tundu.

Falonne alikuwa na daftari la shule magotini, amelikinga kwa mkono.

"Tata amesema nini leo?" akauliza.

Bilonda akafikiri.

"Anasema mvua iko naingia mu nyumba."

"Ata hapa," Falonne akasema, akainuka, akasogeza beseni kidogo upande wa kushoto, pale tone lilipokuwa limehamia.